Lugha ya Hitilafu: Mashine, Fundi na Kiswahili huko Kihonda

Mtu atokaye Msamvu, mjini Morogoro, akaifuata barabara ya Dodoma, huiacha milima ya Uluguru nyuma ya kisogo chake, na baada ya mwendo mfupi huingia Kihonda. Hapa pana eneo la viwanda la mji, na hapa pana chuo cha ufundi stadi cha VETA. Kati ya kuta za viwanda na nyumba za watu vimezuka vibanda vya mafundi wa redio, wa simu, na sasa wa kompyuta. Mashine zifikazo mezani mwao nyingi ni za mtumba, zilizokwisha kutumika ng'ambo miaka mitano au zaidi kabla ya kupakiwa melini, na maradhi yake aghalabu hutokana na mambo matatu: vumbi la kiangazi, joto, na umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu isiyo sawa.

Fundi aiponyaye mashine ya namna hiyo ana kazi mbili zilizofungamana. Ya kwanza ni ya mikono: kufungua, kupuliza vumbi, kusugua meno ya kadi ya kumbukumbu kwa ufutio wa penseli, kujaribu spea. Ya pili ni ya kusoma, kwa maana kompyuta, tofauti na baiskeli au cherehani, hujieleza yenyewe kwa maandishi inapoharibika. Maandishi hayo yametungwa na nani, kwa lugha gani, na kwa nini Kiswahili kimeingia humo kwa taabu, ndiyo historia inayoelezwa hapa.

Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka wa 1965, nayo ilikuwa ya kampuni ya Kiingereza, ya aina ya ICT 1500. Zilifuata nyingine chache. Lakini kazi ya hesabu za serikali haikwenda kama ilivyotazamiwa, ikaleta hasara na lawama, na katika mwaka wa 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake pasipo ruhusa maalum. Marufuku hiyo ililegea katika miaka ya 1980. Watu wengi wameicheka baadaye, kana kwamba ilikuwa woga wa kitu kipya. Kicheko hicho si cha haki kabisa. Waliokata shauri mwaka wa 1974 walikuwa wameona jambo la kweli: mashine ambayo hakuna mtu nchini awezaye kuifungua na kuieleza humtawala mwenyewe, wala haimtumikii.

Morogoro yenyewe ilikuwa karibu kuonyeshwa jambo hilo hilo kwa kipimo kikubwa zaidi. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia mwishoni mwa miaka ya 1970, kilikusudiwa kushona jozi milioni 4 kwa mwaka, na nyingi zake ziuzwe Ulaya. Mitambo ilikuwa mizuri, na jengo lilikuwa la kisasa, ila kuta zake zilichorwa na watu waliozoea baridi, hata joto la Morogoro likakosa pa kutokea. Mitambo ilipokwama spea hazikuwapo, na ujuzi wa ndani wa mitambo ulibaki kwa waliyoiunda. Kiwanda hakikufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake kwa kadiri ya mwaka mzima, na mwaka wa 1990 kikafungwa. Yako maelezo mengi ya kushindwa huko, na mengine ni ya biashara na ya siasa. Lakini mtu aliyesimama karibu na mtambo uliogoma, bila kitabu chake na bila mwalimu wake, alijua sehemu yake ya maelezo vizuri kuliko wataalamu wa uchumi.

Wakati huo huo, mbali sana na Uluguru, ilikuwa imekwisha kuanza desturi nyingine ya mashine. Katika mwaka wa 1969 Ken Thompson, akifanya kazi katika maabara ya Bell huko Marekani, alitunga mfumo mdogo wa kuendesha kompyuta iitwayo PDP-7, akisaidiwa na Dennis Ritchie na wenzao. Mfumo huo uliitwa Unix. Mwaka wa 1973 uliandikwa upya kwa lugha ya C, aliyoibuni Ritchie, na kwa sababu hiyo uliweza kuhamishwa kutoka aina moja ya kompyuta hadi nyingine. Kitabu chake cha kwanza cha maelezo kilitolewa Novemba 1971, nacho kilikuwa na tabia isiyo ya kawaida: mwishoni mwa maelezo ya amri nyingi palikuwa na sehemu ya kutaja makosa yake yanayojulikana. Mtengenezaji alikiri aibu ya kazi yake mbele ya mnunuzi. Vitabu vya mitambo ya viwanda havikuwa na ungwana huo.

Tabia nyingine ya Unix ni ukimya. Amri iliyofaulu hainenI kitu. Mashine hutoa neno pale tu panapokuwa na kasoro. Na neno lenyewe hutolewa kwa ufupi wa kupita kiasi, maana watungaji walikuwa wakitumia mashine za chapa zilizoandika polepole karatasini. Kila kosa lilipewa namba na kauli yake fupi. Moja ya kauli hizo imekuwa mzaha wa vizazi: mtu ajaribuye kufanya jambo lisilowezekana kwa kifaa fulani huambiwa kwamba kifaa hicho "si taipureta", hata kama anashughulika na faili lisilohusiana na taipureta kwa namna yoyote. Kauli ilikuwa na maana siku ilipotungwa. Taipureta zikaondoka, kauli ikabaki, kama vile jina la mtaa libakivyo baada ya mwembe wake kukatwa.

Mkasa uliougeuza ufundi huu kuwa suala la haki ulihusu mashine ya kupiga chapa. Richard Stallman, aliyekuwa katika chuo cha MIT, alizoea kuirekebisha programu ya mashine ya chapa ya maabara yao, ili karatasi ilipokwama watu waliokuwa wakingojea wapate habari kwenye kompyuta zao na mmoja aende kuikwamua. Karibu na mwaka wa 1980 ikaletwa mashine mpya ya Xerox. Nayo ilikwama karatasi, lakini programu yake ilikuja imefungwa, bila maandishi ya asili ambayo mtu angeweza kuyasoma na kuyageuza. Stallman alimwendea mtu wa chuo kingine aliyekuwa nayo, akakataliwa, kwa kuwa mtu huyo alikuwa ameahidi kutowapa wengine. Mwaka wa 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kutunga mfumo mzima wa namna ya Unix ambao kila mtu angekuwa na ruhusa ya kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Kiini cha mfumo, yaani ile programu ya ndani kabisa inayosemezana na vifaa, kilikosekana mpaka mwaka wa 1991, ambapo Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alikitoa cha kwake, nacho kikaitwa Linux. Hivyo karatasi iliyokwama ilizaa mfumo ambao fundi wa Kihonda anaweza kuufungua mpaka ndani bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kuweza ni jambo moja, kuupata ni jingine. Kabla ya waya wa SEACOM kufika Dar es Salaam chini ya bahari mwaka wa 2009, mtandao wa nchi ulitegemea setilaiti, ukawa ghali na wa polepole, na kushusha diski nzima ya mfumo kulichukua siku kadhaa, kama hakukukatika katikati. Kwa hiyo lilikuwa jambo kubwa kwamba Ubuntu, aina ya Linux iliyoanzishwa mwaka wa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini, iligawa diski zake kwa posta bila malipo, mpaka mwaka wa 2011. Jina lenyewe halikuhitaji tafsiri kubwa: Mswahili husema utu.

Mwaka huo wa 2004 ndio ulioleta Kiswahili chenyewe ndani ya jambo hili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wataalamu wa IT+46 kutoka Sweden, walianzisha mradi ulioitwa Kilinux. Jina hilo lastahili kutazamwa. Kiambishi ki-, kinachotaja lugha na namna ya kufanya mambo, kilibandikwa mbele ya jina la kigeni na mtu yeyote wa Pwani au wa bara akalielewa mara moja: Linux ya namna ya kwetu, Linux isemayo kama tusemavyo. Mwishoni mwa mwaka ule ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu yenye maneno ya Kiswahili, na baadaye kikafuata chombo cha kusahihisha tahajia. Kampuni ya Microsoft nayo ilikuwa imetangaza mwaka huo huo nia ya kutoa programu zake kwa Kiswahili. Kwa hiyo suala la istilahi za kompyuta, ambalo hapo awali lilikuwa la kamusi na semina, likawa la watu waliotakiwa kutoa neno kabla ya mwisho wa wiki.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikuwa imekwisha kuonyesha njia, kwa kutoa mwaka wa 1990 kamusi sanifu za isimu na za sayansi. Lakini istilahi ya kamusi hukaa peke yake katika ukurasa, ilhali ujumbe wa kompyuta ni sentensi, na sentensi ya Kiswahili ina ngeli. Hapo ndipo ugumu halisi ulipojificha. Watungaji wa programu kwa Kiingereza wamezoea kuunda ujumbe wa vipande viwili: kipande kimoja ni nafasi tupu itakayojazwa jina la kitu, na cha pili ni maneno ya kusema kwamba kitu hicho hakikuonekana. Maneno hayo ya Kiingereza hayajali nafasi imejazwa nini. Kwa Kiswahili, kama kilichokosekana ni faili, sharti iandikwe "halikuonekana". Kama ni programu, "haikuonekana". Kama ni kifaa, "hakikuonekana". Na kama ni mtumiaji, "hakuonekana". Mfasiri haoni kitakachoingia. Anaona shimo tu.

Chombo cha gettext cha mradi wa GNU, kilichotokea katikati ya miaka ya 1990, kilikuwa kimewarahisishia wafasiri kazi kubwa: kilitenga ujumbe wote wa programu katika jalada lake, hata mtu asiyejua kutunga programu akaweza kuufasiri, na ujumbe usiofasiriwa ukatokea kwa Kiingereza bila kuharibu kitu. Chombo hicho kilijua pia umoja na wingi. Kilijua hata lugha zenye wingi wa namna tatu au zaidi, kama za Waslavi na Waarabu. Ngeli hakikuzijua. Wafasiri wakatafuta njia za pembeni: kugeuza sentensi ianze na "hakuna", au kutanguliza jina la jumla, "Kifaa hiki hakikuonekana", kisha nukta mbili na jina lenyewe. Njia hizi zafaa, na ya pili ni Kiswahili kizuri kabisa. Lakini zimetumiwa na wafasiri wachache tu wenye uangalifu. Wengine waliandika "haijapatikana" kila mahali, na ndiyo maana kompyuta inayosema Kiswahili husikika mara nyingi kama mgeni aliyejifunza lugha miezi mitatu.

Ugumu wa pili ulitokana na mafumbo ya Unix. Watungaji wake walizichukua kazi zinazoendeshwa ndani ya mashine kuwa ni ukoo: kazi huzaa kazi, iliyozaa ni mzazi, iliyozaliwa ni mtoto, na mzazi akifa kwanza mtoto huwa yatima na kulelewa na kazi ya kwanza ya mfumo. Mpaka hapo Kiswahili hakina shida. Ukoo na malezi ya yatima ni mambo yake ya kila siku. Lakini zipo kazi zifanyazo shughuli kimya kimya, bila kuonekana kwenye kioo, ambazo wanazuoni wa MIT walizipa katika miaka ya 1960 jina la viumbe wa kiroho wasioonekana. Kiingereza hulitamka neno hilo bila kutetemeka. Mfasiri wa Kiswahili akiandika "pepo" au "jini" amewaingiza wasomaji wake katika jambo ambalo kwao si la mzaha, na ujumbe wa kusema kwamba "pepo amekataa kuanza" unaweza kumfanya mteja aondoke na mashine yake. "Mtumishi" au "huduma" ni maneno mapole, na yameshinda kwa haki.

Kazi iliyokwisha kufa lakini ingali imeandikwa katika orodha ya mashine huitwa kwa Kiingereza jina la maiti atembeaye. Fundi wa Morogoro hulifikia mara moja neno "msukule", na hapana shaka ni neno lenye nguvu. Hata hivyo halikai sawasawa. Msukule, kwa masimulizi ya watu, hudhaniwa amekufa na kumbe anatumikishwa usiku kucha. Kazi iliyokufa ndani ya Unix haifanyi lolote wala haili kitu, ila jina lake halijafutwa kwa sababu mzazi wake hajapokea habari za kifo chake. Ni marehemu ambaye msiba wake haujapelekwa nyumbani. Tofauti hii si ya kuchezea maneno: mtu anayemwazia msukule hujaribu kumuua tena, na kilichokufa hakiuawi, aliyeelewa msiba humwendea mzazi.

Mafundi wenyewe hawakungoja kamati. Kompyuta yao "huganda", "hugoma", "huzimika", "hupiga shoti". Kuweka mfumo upya ni "kupiga windo", hata kama kinachowekwa si Windows. Maneno haya hayamo katika jedwali la istilahi, lakini yana sifa moja ambayo majedwali hukosa: yanaeleza dalili. Kugoma ni kukataa kuanza, kuganda ni kuanza kisha kusimama, na kuzimika ni kukatika katikati ya kazi. Kila moja huelekeza mkono mahali tofauti. Mwanafunzi aliyemaliza darasa la saba kwa Kiswahili na kuingia kibandani kujifunza huzijua dalili hizo kabla hajaweza kusoma mstari mmoja wa kioo.

Mfano mmoja wa kazi ya kila siku utaonyesha mahali lugha hizi mbili zinapokutana. Katika miaka ya mgao mkubwa wa umeme, 2006 na 2011, kukatika kwa umeme lilikuwa jambo la kila siku, na kwa Morogoro palikuwa na kejeli ndani yake, kwa kuwa mitambo ya Kidatu, inayosukumwa na maji tangu 1975, imo mkoani humo humo. Mfumo wa namna ya Unix haupendi kuzimwa ghafla. Huweka habari katika kumbukumbu kwanza na kuziandika diskini baadaye, hata umeme ukikatika katikati, diski hubaki na maandishi nusu. Zamani mashine ilipowaka tena ilibidi ikague diski nzima, kipande kwa kipande, na vipande visivyo na mwenyewe ikavitupa katika chumba cha vilivyopotea na kuokotwa. Tangu mwaka wa 2001 Linux ilipata mpango wa ext3, unaoandika nia katika shajara kabla ya kulitenda jambo, hivyo ukaguzi ukawa wa nukta chache.

Basi ikaletwa kibandani mashine ambayo, licha ya shajara hiyo, kila asubuhi hukataa kuwaka mpaka ikaguliwe; na ikikubali kuwaka, kurasa za mtandao hukataa kufunguka, zikidai kwamba vyeti vya usalama si halali. Mwenyewe husema ni virusi. Fundi mchanga husema ni diski, akashauri inunuliwe nyingine. Fundi mzee husoma mstari uliopita haraka kiooni, ambao kwa Kiswahili wasema kwamba diski hii ilifunguliwa mara ya mwisho katika wakati ujao. Wakati ujao! Mstari huo ndio unaofungua fumbo. Diski haikufunguliwa kesho. Ni saa ya mashine iliyorudi jana. Betri ndogo ya mviringo, inayoilisha saa wakati umeme haupo, imekufa, na kila umeme unapokatika saa hurudi kwenye tarehe iliyowekwa kiwandani, au katika vifaa vingine hurudi kwenye tarehe 1 Januari 1970, ambayo ndiyo siku Unix inayoanzia kuhesabu nukta zake. Vyeti vya mtandao, vilivyotolewa baada ya tarehe hiyo ya uongo, huonekana bado havijaanza kufaa. Hitilafu ilikuwa ya kifaa cha bei ya soda, ikavaa sura ya ugonjwa wa diski na ya uhalifu wa mtandao kwa pamoja.

Mstari ule haukuwa kwa Kiswahili. Hapa ndipo kazi ya Kilinux na ya wote walioifuata iliposimama. Programu za juu, za kuandikia na kusomea, zimefasiriwa kwa kadiri; lakini kiini cha Linux hutoa ujumbe wake kwa Kiingereza tu, si kwa Waswahili peke yao bali kwa Wajapani, Warusi na Wafini pia. Sababu iliyotolewa si dharau. Fundi aliyeshindwa huutafuta ujumbe wake, neno kwa neno, katika maelezo ya mafundi wa dunia nzima, na ujumbe uliofasiriwa hauonekani kwa wengine. Kila lugha ingekuwa kisiwa cha wagonjwa wake. Hoja hii ina uzito, na walioipuuza hawajawahi kukaa usiku na mashine iliyokataa kuwaka.

Hata hivyo hoja hiyo yaeleza jinsi ujumbe unavyotafutwa, haielezi jinsi unavyoeleweka. Namba ya kosa ni moja kwa lugha zote, na ingeweza kuandikwa mbele ya Kiswahili kama iandikwavyo mbele ya Kiingereza. Watungaji wa Unix walizitoa namba hizo tangu mwanzo. Kwa sasa kazi hiyo hufanywa kwa mdomo. Fundi mzee huelekeza kidole kiooni, husoma Kiingereza kwa matamshi ya Kiluguru, kisha humwambia kijana kwa Kiswahili kilichosemwa, naye kijana hukiandika katika daftari la mistari, upande mmoja maneno ya mashine, upande wa pili maana yake na spea iliyohitajika. Dhidi ya mstari wa wakati ujao huandikwa: betri ya saa.